Ushuru wa Forodha Ulivyohamisha Oda Zetu za Mabegi

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kununua mabegi ya mgongoni na mabegi ya safari kutoka viwanda vya Asia, kwa niaba ya kampuni inayoyaingiza Marekani na kuyauza kwa jumla. Wasioifahamu kazi hii hudhani kwamba mnunuzi huzunguka akitafuta kiwanda chenye bei nafuu, akikipata anasaini mkataba na kurudi nyumbani. Bei ya kiwandani ni mwanzo tu wa hesabu. Kinachoamua ni gharama ya begi likiwa limekwisha kufika ghalani, yaani bei ya kiwanda pamoja na nauli ya meli, bima, malipo ya wakala wa forodha na ushuru; na kati ya hivyo vyote, ushuru ndio unaoweza kupanda kwa tangazo la siku moja ilhali kiwanda, mwenye meli na wakala hawajabadilisha chochote. Nimeshuhudia oda zikihama kutoka nchi moja hadi nyingine kwa sababu hiyo moja, na nimejifunza kwamba swali ambalo ushuru unamuuliza mwagizaji si nchi ipi ina bei nafuu, bali ni sehemu gani ya bidhaa yake imetengenezwa wapi, na kama anaweza kuthibitisha hilo kwa nyaraka.

Msingi wa yote ni msimbo. Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa namba ndani ya mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, mfumo ulioanza kutumika mwaka 1988, ambao tarakimu zake sita za kwanza ni zilezile katika nchi zote zinazoufuata. Mabegi yako chini ya namba 4202, na baada ya hapo kila nchi huongeza tarakimu zake na kuweka viwango vyake. Kwa Marekani, begi la mgongoni ambalo kitambaa chake cha nje ni poliesta au nailoni hutozwa asilimia 17.6 kwa kiwango cha kawaida, wakati begi la namna ileile lililoshonwa kwa kitambaa cha pamba hutozwa asilimia 6.3. Ushonaji ni uleule, mikanda ni ileile, zipu ni zilezile. Kitambaa peke yake ndicho kinachotenganisha viwango hivyo viwili. Mnunuzi asiyeketi na mbunifu wa mabegi kabla ya sampuli ya kwanza kukatwa amekwisha kupoteza nafasi ya kuamua jambo kubwa.

Hadi katikati ya mwaka 2018 sehemu kubwa ya oda zetu ilikuwa China, katika mikoa ya Guangdong na Fujian, na sababu haikuwa mishahara midogo, kwani mishahara ya huko ilikuwa imekwisha kupanda. Sababu ilikuwa ukaribu wa kila kitu: mfumaji wa kitambaa, mtia rangi, mtengenezaji wa vifungo vya plastiki, mchongaji wa kalibu na mshonaji walikuwa katika umbali ambao pikipiki inaweza kuumaliza ndani ya mchana mmoja. Kifungo kikionekana dhaifu asubuhi, sampuli mpya ya kifungo huweza kuwa mezani jioni. Ushuru wowote unaotaka kumwondoa mnunuzi mahali kama hapo lazima uwe mzito kuliko faida ya ukaribu huo, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanaozungumzia ushuru hulipuuza.

Tarehe 24 Septemba 2018 Marekani iliongeza ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 200 kwa mwaka, na mabegi yalikuwa ndani ya orodha hiyo. Nilitarajia mtikisiko, lakini oda zetu karibu zote zilibaki palepale. Hesabu inaeleza kwa nini. Katika kila dola 100 za thamani ya begi, mwagizaji aliyekuwa akilipa dola 17.60 sasa alilipa dola 27.60, kwa hiyo kiwanda cha Vietnam, ambacho mabegi yake yaliendelea kulipa asilimia 17.6 peke yake, kingekuwa na nafuu iwapo tu bei yake haikuzidi ile ya China kwa zaidi ya asilimia 8.5. Wakati huohuo sarafu ya China ilikuwa imeshuka, kutoka karibu yuan 6.3 kwa dola katika majira ya kuchipua ya mwaka 2018 hadi kukaribia 7 ilipofika Oktoba, kwa hiyo kiwanda kilichokuwa kikilipa wafanyakazi na wafumaji kwa yuan kiliweza kupunguza bei ya dola na bado kikabaki na faida yake. Ushuru ulikuwa umegawanywa kimyakimya kati ya kiwanda, sarafu na sisi, na hakuna aliyelazimika kuhama.

Mambo yalibadilika tarehe 10 Mei 2019, nyongeza ilipofikishwa asilimia 25. Jumla ya ushuru wa begi la poliesta kutoka China ikawa asilimia 42.6, na sasa kiwanda cha Vietnam kingeweza kuwa ghali kuliko cha China kwa asilimia 21 hivi na bado tukalipa sawasawa. Hakuna kiwanda cha China kilichoweza kufuta pengo hilo kwa punguzo, kwa sababu faida nzima ya mshonaji haifiki hapo. Katika wiki hizo wakala wetu wa forodha alikuwa mtu muhimu kuliko mkurugenzi wa mauzo, kwani mizigo iliyoondoka China kabla ya tarehe 10 Mei na kuingia Marekani kabla ya tarehe 15 Juni iliruhusiwa kubaki kwenye asilimia 10, na kila kontena lililokuwa baharini lilipaswa kujulikana limeondoka lini na litatia nanga lini. Tarehe ya hati ya shehena iligeuka kuwa na thamani ya fedha.

Tulipoanza kutafuta mahali pengine, Kambodia ilituvuta kuliko Vietnam, na sababu yake ilikuwa ushuru tena. Marekani ilikuwa na mpango wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea, unaojulikana kwa herufi GSP, na mwaka 2016 mabegi na bidhaa za safari ziliongezwa ndani yake kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Kambodia ikiwamo. Begi la Kambodia lililotimiza masharti liliingia bila ushuru wowote. Vietnam haikuwa mnufaika wa mpango huo. Kwenye karatasi, basi, begi la Kambodia lingeweza kuwa ghali kiwandani kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko la China na bado likatufaa. Nimeona wanunuzi wakisaini oda kubwa kwa kutazama mstari huo mmoja wa hesabu.

Masharti yenyewe ndiyo yaliyokuwa somo. Kuna maswali mawili ambayo huonekana kuwa moja. La kwanza ni nchi ya asili ya begi: kwa mabegi ya kitambaa, kanuni za Marekani hutazama mahali begi lilipounganishwa lote, kwa hiyo begi lililoshonwa Phnom Penh kwa kitambaa cha China huhesabiwa kuwa la Kambodia na haliguswi na ushuru wa nyongeza uliowekewa China. La pili ni kama begi hilo linastahili upendeleo: mpango wa GSP ulidai kwamba angalau asilimia 35 ya thamani ya bidhaa itokane na nchi mnufaika, yaani malighafi za huko pamoja na gharama za moja kwa moja za uzalishaji, na kitambaa kilichotoka nje hakikuhesabiwa isipokuwa kimegeuzwa kwanza kuwa kitu kipya na tofauti ndani ya nchi hiyo kabla ya kuwa begi. Kambodia wakati huo ilikuwa na washonaji hodari wengi, lakini wafumaji na watengenezaji wa zipu walikuwa wachache sana. Kitambaa, utando wa ndani, sponji, mikanda na vifungo vilifika kwa malori na meli kutoka China, Taiwan na Vietnam.

Hivyo tulilazimika kulifungua begi letu na kuligawa kwa thamani, kipande kwa kipande. Begi rahisi la shule, lenye kitambaa chepesi na mishono mingi, lilivuka asilimia 35 kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa sehemu kubwa ya thamani yake. Begi la kupandia milima, lenye kitambaa ghali kisichopitisha maji na fremu ya alumini, lilishindwa, ingawa lilishonwa katika jengo lilelile na mafundi walewale. Kwa maneno mengine, ushuru uleule ulituambia tuhamishe begi moja na tuliache jingine, na jibu halikuwa ndani ya jina la nchi bali ndani ya orodha ya vifaa. Tangu hapo sijawahi kukubali kiwanda kinipe bei ya jumla bila mchanganuo wa malighafi, nguvukazi na gharama nyingine, na viwanda ambavyo mwanzoni viliona swali hilo kama ujasusi wa kibiashara vimekuja kulizoea.

Gharama nyingine za kuhama hazionekani katika jedwali la ushuru. Kambodia hutegemea bandari ya Sihanoukville, ambako mizigo mingi huchukuliwa na meli ndogo hadi bandari kubwa na kupakiwa upya, au hushuka kwa majahazi kupitia mto Mekong hadi Cai Mep nchini Vietnam. Kitambaa nacho kilihitaji muda wa kufika kabla ya kukatwa. Safari iliyokuwa fupi ikawa ndefu, na kila wiki ya ziada baharini au bandarini ni wiki ambayo fedha ya kampuni imelala. Hapa kuna tofauti ambayo mwagizaji anapaswa kuifahamu: Marekani hutoza ushuru juu ya thamani ya bidhaa bila nauli ya bahari, wakati nchi nyingi, zikiwamo za Umoja wa Ulaya, hujumlisha nauli na bima ndani ya thamani inayotozwa. Kwa mwagizaji wa aina ya pili, kuhamia nchi ya mbali huongeza nauli na kuongeza ushuru juu ya nauli hiyo. Nchi ileile inaweza kuwa chaguo zuri kwa mwagizaji mmoja na baya kwa mwingine, kutegemea tu jinsi forodha ya kwao inavyohesabu.

Wakati huo pia ndipo walipojitokeza watu wenye njia ya mkato. Msambazaji mmoja alitueleza kwamba angeweza kuendelea kushona mabegi yetu China, ayapitishe nchi ya tatu, abadilishe lebo na kutupatia cheti cha nchi ya asili kilichogongwa mihuri yote. Alizungumza kana kwamba anatupunguzia mzigo. Tulikataa, na ningependa kila anayeanza biashara ya uagizaji aelewe uzito wa jambo hili. Mbele ya forodha ya Marekani anayewajibika ni mwagizaji aliyeandikwa kwenye tamko, si msambazaji aliye mbali. Sheria humtaka atunze kumbukumbu za kila mzigo kwa miaka 5, na udanganyifu ukithibitika adhabu inaweza kufikia thamani yote ya bidhaa katika soko la ndani. Cheti ni karatasi. Mkaguzi akitaka ukweli huuliza ankara za kitambaa, kumbukumbu za mishahara ya washonaji, idadi ya cherehani na uwezo wake kwa siku, bili za umeme. Kiwanda ambacho hakikushona hakina vitu hivyo.

Yaliyotupata si mapya, na kuijua historia yake kumenisaidia kutulia. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mashine za kufulia. Marekani ilipoweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa juu ya mashine kutoka Korea Kusini na Meksiko mwaka 2013, Samsung na LG zilihamishia uzalishaji wa soko hilo China. Mwaka 2017 ushuru wa aina hiyo ukawekwa kwa China, na uzalishaji ukahamia Thailand na Vietnam. Januari 2018 ulipotangazwa ushuru uliogusa karibu nchi zote, ukianzia asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza na asilimia 50 kwa zilizozidi hapo, hapakuwa tena na nchi ya kukimbilia, na kampuni hizo zikawa zinajenga viwanda ndani ya Marekani kwenyewe, Samsung katika jimbo la South Carolina na LG katika Tennessee. Ninachokiona hapo ni kwamba ushuru unaolenga nchi moja huhamisha kiwanda hadi nchi ya jirani, na ni ule tu unaozilenga zote kwa pamoja unaoweza kukirudisha kwa mnunuzi, kwa gharama ambayo mnunuzi mwenyewe huilipa. Wachumi waliochunguza bei za mashine hizo walikuta zimepanda kwa takriban asilimia 12, na mashine za kukaushia, ambazo hazikuwekewa ushuru huo, zilipanda pia kwa sababu huuzwa pamoja nazo.

Kampuni kubwa zinaweza kuhama mara tatu. Kampuni ya ukubwa wetu haiwezi, na hilo lilidhihirika tarehe 31 Desemba 2020, mpango wa GSP ulipofikia mwisho wa muda wake bila Bunge la Marekani kuuhuisha. Begi la Kambodia lililokuwa likiingia bure likarudi kwenye asilimia 17.6. Mpango huo ulikuwa umewahi kukatika mwaka 2013 na tena mwishoni mwa 2017, na mara zote mbili ulipohuishwa waagizaji walirudishiwa walicholipa, kwa hiyo wengi waliendelea kulipa huku wakiingiza marejesho hayo katika mipango yao ya fedha. Sisi tuliyaweka nje ya hesabu tangu mwanzo. Upendeleo unaotolewa na bunge kwa kipindi maalumu ni mkopo wa muda, na oda inayoleta faida kwa sababu ya upendeleo huo peke yake ni oda isiyo na faida.

Kwa muda tulirejea kwenye wazo la pamba, kwa kuwa asilimia 6.3 ni ndogo kuliko 17.6. Lakini Juni 2022 ilianza kutumika sheria ya Marekani inayochukulia kwamba bidhaa yoyote yenye malighafi kutoka eneo la Xinjiang la China imetokana na kazi ya kulazimishwa, hadi mwagizaji athibitishe vinginevyo. Sehemu kubwa mno ya pamba ya China hulimwa huko, na pamba hiyo husafiri kama uzi na kitambaa hadi nchi nyingi. Kuthibitisha shamba ambalo pamba ya begi ilitoka, kupitia kwa mchambuaji, msokotaji na mfumaji, ni kazi kubwa kuliko kuthibitisha mahali lilikoshonwa. Tuliifanya kwa mabegi machache ambayo mfumaji wake alikuwa tayari kutufungulia vitabu vyake, na mengine tukayaacha kwenye poliesta.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi Aprili ushuru mpya juu ya bidhaa za China ulifikia asilimia 145, na kwa kuwa ulijumlishwa na ule wa zamani, begi la poliesta kutoka huko lilidaiwa asilimia 187.6 ya thamani yake. Katika tangazo la tarehe 2 Aprili, Vietnam ilipangiwa asilimia 46 na Kambodia 49. Nchi tulizokimbilia zikawa na viwango vya juu kuliko nyingi. Viwango hivyo vilisimamishwa baada ya siku chache, kisha kuanzia tarehe 7 Agosti vikawekwa kuwa asilimia 20 kwa Vietnam na 19 kwa Kambodia, Indonesia, Thailand na Ufilipino, pamoja na asilimia 40 kwa bidhaa itakayobainika kupitishwa nchi ya tatu ili kukwepa ushuru. Wenzangu wengi waliona mwaka huo kama vurugu tupu. Mimi niliona pia jambo jingine: viwango vya nchi hizo vilipokaribiana kiasi hicho, ushuru uliacha kuwa kigezo cha kuchagua kati yao, na maswali ya zamani yakarudi mahali pake. Nani ana mafundi wanaoweza kushona mshono wa ndani bila kukunja kitambaa? Nani ana mfumaji karibu? Nani hujibu simu mzigo unapochelewa?

Majibu ya maswali hayo yanaipendelea Vietnam kwa mabegi magumu, kwa kuwa ina wafumaji na watengenezaji wa vifaa kuliko Kambodia, na yanaipendelea Kambodia kwa mabegi ya shule. China bado inatushonea mabegi ya masoko mengine yasiyo ya Marekani, na sampuli zetu nyingi huanzia huko, kwa kuwa ule ukaribu wa mfumaji na mchongaji wa kalibu haujapatikana kwingine. Kalibu za vifungo sasa ni mali yetu kwa mkataba, si za kiwanda, ili ziweze kusafirishwa oda ikihama. Kila begi lina jedwali lake linaloonyesha msimbo, mchanganuo wa thamani na ushuru wa nchi tatu mbadala, na jedwali hilo hufanyiwa hesabu upya kila kiwango kinapobadilika, kabla hatujamwandikia msambazaji yeyote. Katika mikataba mipya tumeweka kifungu kinachoeleza mapema nani atabeba kiasi gani ushuru ukipanda baada ya oda kusainiwa na kabla ya mzigo kufika. Hapo awali kila upande ulidai kwamba mzigo huo ni wa mwenzake, na mazungumzo yalifanyika kontena likiwa tayari bandarini, wakati ambapo mwagizaji hana nguvu ya kusema hapana.

Kinachobaki kigumu ni kitambaa. Kiwanda kimoja cha ufumaji nchini Vietnam kimeanza kutufumia poliesta ya uzito wa kati kwa ubora unaoridhisha, lakini uzi wake bado hununuliwa China, na kitambaa kizito kisichopitisha maji bado hatujakipata kwa bei inayowezekana nje ya nchi hiyo. Kwa sababu hiyo mabegi ya kupandia milima ndiyo ninayoyapangia muda mwingi zaidi katika mazungumzo ya msimu ujao na wafumaji.